Mji wa mlimani unafurikaje? Mitaro ya Kisii na Nyamira ipimwe kabla ya kuchimbwa

Msomaji wa Pwani akisikia kwamba mji wa Kisii umefurika, swali lake la kwanza huwa hili: mji ulioko mlimani unafurikaje? Swali ni zuri, na jibu lake lina faida hata kwetu tunaoishi karibu na bahari.

Sisi tumezoea mafuriko ya nchi tambarare. Mvua za El Nino zilipopiga Mombasa, Kwale, Kilifi na Tana River mnamo Novemba 2023, kila mtu aliona shida iko wapi: maji hayakuwa na pa kwenda. Kisiwa cha Mombasa hakina mteremko mkubwa, na bahari inapojaa, midomo ya mitaro inayomwaga baharini nayo huzibwa na maji ya chumvi. Maji ya mvua husimama yakisubiri bahari itoke.

Kisii ni kinyume chake. Mji uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, umezungukwa na vilima, na kila mtaa una mteremko. Chini bondeni unapita mto Nyakomisaro. Kwa macho tu ungesema mji kama huu hauhitaji mtaro, maji yatashuka yenyewe. Na kweli yanashuka. Shida ni kwamba yanashuka yote kwa wakati mmoja, yanafika chini yakiwa na kasi, na huko chini yanakuta soko, steji ya magari, nyumba za kupanga na mtaro ambao ulijengwa wakati vilima vile vilikuwa migomba na mahindi.

Ndiyo maana makala haya yanahusu jambo ambalo wanasiasa hulipenda kidogo, kwa sababu halikatiwi utepe: utafiti wa kupima uwezo wa mitaro ya maji ya mvua. Kaunti nyingi huanza na tingatinga na saruji. Inafaa kuanza na kipimo.

Mvua ya Gusii si ya mchezo

Nyanda za juu za Gusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira, hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Mombasa hupata kama milimita 1,000. Tena huko hakuna kiangazi cha kweli. Kuna misimu miwili mikubwa, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, lakini hata katikati yake mvua hunyesha. Asubuhi jua huwaka, unyevu hupanda kutoka Ziwa Victoria, hugonga vilima, na kufikia alasiri radi na mvua ya mawe huwa tayari. Mvua ya aina hiyo hainyeshi kutwa nzima. Hunyesha kwa saa moja, lakini saa hiyo moja ndiyo inayojaza mitaro.

Upande wa pili wa hesabu ni watu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, ambao ni kama watu 957 kwa kila kilomita moja ya mraba. Nyamira ilikuwa na watu 605,576. Wastani wa Kenya nzima mwaka huo ulikuwa watu 82 kwa kilomita ya mraba. Ardhi ikigawanywa kati ya watoto, kisha kati ya wajukuu, hatimaye kila mmoja hubaki na kipande ambacho hakitoshi shamba lakini kinatosha nyumba. Karibu na mji, kipande hicho hujengwa vyumba vya kupangisha, ua humwagwa saruji, na maji ya paa huelekezwa barabarani.

Hesabu ya paa moja

Wahandisi hutumia kanuni moja rahisi, inayojulikana tangu karne ya 19, kukadiria maji yatakayoingia mtaroni. Unahitaji vitu vitatu: mvua inanyesha kwa nguvu kiasi gani, eneo linalomwaga maji kwenye mtaro huo lina ukubwa gani, na ni sehemu gani ya mvua hiyo ardhi haiwezi kuinywa.

Anza na paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mabati la mita 100 za mraba, likinyeshewa milimita 60 ndani ya saa moja, humwaga lita 6,000. Hiyo ni mitungi 300 ya lita 20, kutoka nyumba moja, kwa saa moja.

Sasa panua hadi hekta moja, yaani mita 10,000 za mraba. Mvua hiyo hiyo inaleta lita 600,000 kwa saa, au kama lita 167 kila sekunde. Ikiwa hekta hiyo ni migomba, nyasi na udongo mwekundu wa Gusii unaonyonya maji vizuri, huenda asilimia 30 tu ikafika mtaroni: lita 50 kwa sekunde. Ikiwa hekta hiyo ni mabati, lami na saruji, asilimia 90 itafika: lita 150 kwa sekunde. Mvua haikuongezeka hata tone, lakini maji ya mtaroni yamekuwa mara tatu.

Upande wa mtaro nao una hesabu yake. Chukua mtaro wa saruji wenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, unaoshuka mita moja kwa kila mita 100. Ukiwa safi na umejaa hadi ukingoni, unapitisha kama lita 800 kwa sekunde. Unatosha hekta 16 za migomba. Lakini kwa mji wa mabati na lami unatosha hekta 5 tu na kidogo.

Hapo mtaro ni safi. Ukijaa mchanga, chupa na mifuko hadi nusu, watu hudhani uwezo umebaki nusu. Sivyo. Maji yaliyobaki yanasuguana na sakafu na kuta kwa kiwango kikubwa zaidi na yanapungua kasi, kwa hiyo uwezo unashuka hadi kama lita 340 kwa sekunde. Hizo ni chini ya nusu. Mtaro huo sasa unahudumia hekta 2 za mji.

Hii ni hesabu ya mfano, si vipimo vya mtaro fulani wa Kisii. Lakini inaonyesha kwa nini mzee wa mtaa na mhandisi wanaweza wote wawili kuwa na haki. Mzee husema: "Mtaro huu ulitutosha miaka 30." Mhandisi husema: "Mtaro huu ni mdogo." Mtaro haujabadilika. Kilichobadilika ni mlima ulio juu yake.

Kwa nini maji huruka nje pale pale kila mwaka

Ukiishi Kisii unajua sehemu zinazofurika. Mara nyingi ni mguuni mwa mteremko, pale barabara inapoanza kulala, karibu na daraja au makutano. Kuna sababu.

Kasi ya maji hutegemea mteremko. Mteremko ukiwa mkali mara nne, kasi huwa mara mbili. Kwa hiyo mtaro unaoshuka mita 4 kwa kila mita 100 unapitisha maji mara mbili ya mtaro wa ukubwa ule ule unaoshuka mita moja. Maji yakitoka kwenye sehemu kali na kuingia sehemu iliyolala, yanahitaji mtaro mkubwa zaidi huko chini. Fundi akijenga mtaro wa ukubwa mmoja kutoka juu hadi chini, kwa sababu ndivyo mkataba ulivyosema, nusu ya maji yatatoka nje pale mteremko unapobadilika.

Tena kasi ikipungua, maji hutua mzigo. Udongo mwekundu uliochimbwa juu kwenye mijengo, kokoto za barabarani na taka za sokoni, vyote hushuka hadi hapo. Ndiyo maana kalavati la chini huziba kila mwaka hata likisafishwa, na lile la juu halizibi.

Mtaro hauondoi maji, unayahamisha

Hapa ndipo penye jambo kubwa. Watu wakifurikiwa, ombi lao huwa moja: tupanueni mtaro. Ni ombi la haki. Lakini mtaro ukipanuliwa juu bila kuguswa chini, maji hayajaondoka. Yamefikishwa kwa jirani haraka zaidi.

Fuata maji ya Kisii uone. Yanatoka kwenye vilima vya mji, yanaingia Nyakomisaro, kisha mto Riana, kisha mto Gucha, ambao ukifika Migori watu huuita Kuja, na hatimaye yanaingia Ziwa Victoria huko Nyatike. Mto huo wa Gucha wenyewe huanzia vilima vya Nyamira. Watu wa Nyatike hufurikiwa na Kuja mara kwa mara, hata siku ambazo kwao hakujanyesha. Kila kaunti inayoharakisha maji yake kushuka inachangia.

Ndani ya mji ni vivyo hivyo. Walio juu ya kilima mara nyingi ndio wenye kiwanja kikubwa na uwezo wa kujenga. Walio bondeni ni wapangaji wa chumba kimoja, mama mboga na mafundi wa jua kali, ambao wamekaa hapo kwa sababu ndipo kodi ni nafuu. Soko kubwa la Daraja Mbili, ambalo jina lake lenyewe linataja madaraja, ni riziki ya maelfu ya watu wanaouza ndizi, mboga na nguo za mitumba. Kabla ya kujenga mtaro wa mtaa wa juu, mtu lazima aulize: maji haya yataamkia mlangoni pa nani?

Utafiti wa mitaro ndio unaojibu swali hilo kabla saruji haijamwagwa.

Utafiti wenyewe hufanywaje

Kwanza, huchorwa ramani ya mabonde ya maji. Maji hayajui mipaka ya wadi. Kila mtaro una eneo lake linaloumwagia, na mipaka ya eneo hilo hufuata migongo ya vilima.

Pili, huchukuliwa rekodi za mvua za miaka mingi kutoka Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, ambayo ina kituo Kisii. Kutokana na rekodi hizo hupatikana kile wahandisi wanachokiita mvua ya miaka 10, au ya miaka 25, au ya miaka 100. Jina hili huwapotosha watu wengi. Mvua ya miaka 10 si mvua inayokuja kila baada ya miaka 10. Ni mvua yenye nafasi moja kati ya 10 ya kunyesha katika mwaka wowote. Ukijenga mtaro kwa kiwango hicho, uwezekano wa kufurikiwa angalau mara moja ndani ya miaka 10 ni kama asilimia 65. Kwa hiyo kuchagua kiwango si kazi ya mhandisi peke yake. Ni uamuzi wa jamii: tunakubali hatari kiasi gani, na tuko tayari kulipa kiasi gani kuipunguza?

Tatu, hupimwa kila mtaro na kila kalavati: upana, kina, mteremko, hali yake, unaanzia wapi na unamwaga wapi. Hii ndiyo kazi inayochosha, na ndiyo inayorukwa. Mara nyingi hugundulika kwamba kalavati kubwa linamwaga kwenye dogo, au kwamba mtaro unaishia ukutani mwa jengo.

Nne, taarifa hizo huingizwa kwenye programu ya kompyuta. Ipo programu ya SWMM ya shirika la mazingira la Marekani, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1971, na hutolewa bure. Programu hunyesha mvua ya kubuni juu ya mji na kuonyesha ni wapi maji yatatoka nje, kwa kina gani na kwa muda gani.

Tano, wakazi huulizwa. Alama ya tope ukutani, mwenye duka anayejua maji yalifika rafu ya ngapi, mwanabodaboda anayejua barabara isiyopitika, hizo ni taarifa ambazo kompyuta haina. Zikipingana na kompyuta, mara nyingi kompyuta ndiyo iliyolishwa vibaya.

Kazi hii inawezekana hata pale pasipo na fedha nyingi. Jijini Dar es Salaam, kupitia mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi walitembea mitaa kama Tandale wakichora mitaro, njia na sehemu zinazofurika, mmoja baada ya mwingine, kwa simu na karatasi. Baadaye jiji hilo lilipoanza mradi mkubwa wa Bonde la Msimbazi kwa ufadhili wa Benki ya Dunia, mto uliangaliwa wote, kutoka vilima vya Pugu hadi Jangwani na baharini, si daraja moja tu. Familia zilizokuwa bondeni zililipwa fidia zihame. Si kila mtu alifurahi, lakini bonde liliangaliwa kama kitu kimoja.

Gharama ya kutojua

Mvua za Machi hadi Mei 2024 ziliua karibu watu 300 nchini Kenya. Msiba mkubwa kuliko yote ulitokea Mai Mahiu alfajiri ya Aprili 29, ambapo zaidi ya watu 40 walisombwa. Mwanzoni ilisemekana bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kwamba maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli, baada ya njia ya maji iliyopita chini ya tuta hilo kuzibwa na miti, mawe na tope. Tuta lilipokatika, maji yakashuka yote kwa pamoja.

Kumbuka jambo hilo kila unapopita juu ya kalavati lililoziba. Barabara iliyoinuliwa juu ya bonde ni bwawa kama njia yake ya maji imeziba. Kisii na Nyamira zina barabara nyingi zinazokata mabonde namna hiyo. Utafiti wa mitaro unapaswa kuorodhesha kila moja, na kusema ni ipi hatari kwa walio chini yake.

Nani mwenye mtaro?

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linasema wazi kwamba mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa ni kazi ya kaunti. Lakini barabara kuu ya A1, inayotoka Isebania na kupita katikati ya Kisii kwenda Ahero, iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu ya kitaifa. Baadhi ya barabara nyingine za mji ziko chini ya KURA, na baadhi ya zile za vijijini ziko chini ya KeRRA. Kila mmoja hujenga mtaro wa barabara yake, na mtaro wa barabara kuu humwaga kwenye mtaro wa kaunti. Mafuriko yakija, kila ofisi inaonyesha kidole kwa nyingine, na mwenye kibanda anabaki akitoa maji kwa ndoo.

Ramani moja ya mitaro yote, bila kujali mwenye barabara, ingemaliza ubishi huo. Ingeonyesha pia nani amejenga juu ya mkondo wa maji. Kanuni za maji zinataka ukingo wa mto uachwe wazi, kwa kiasi cha mita 6 hadi 30 kutegemea upana wa mto. Mabonde ya Gusii, ambayo zamani yalikuwa chepechepe na kushika maji kama sifongo, mengi yamepandwa mikaratusi au kuchimbwa udongo wa matofali. Kuyarudisha ni mtaro wa bure.

Suluhisho halikai mtaroni peke yake. Tangi la lita 5,000 likiwa tupu wakati mvua inaanza, linashika sehemu kubwa ya zile lita 6,000 za paa letu la mfano. Shule, masoko na makanisa yana mapaa makubwa zaidi. Manispaa inayoidhinisha ramani za ujenzi inaweza kudai kila jengo jipya lishike sehemu ya maji yake kabla ya kuyaachia barabarani. Nyamira, ambayo mji wake bado ni mdogo na vilima vyake bado vina majani chai, ina nafasi ya kufanya hivyo mapema kabla haijafika ilipofika Kisii.

Maswali ya kuuliza

Mikutano ya ushirikishaji umma kuhusu bajeti ya kaunti hufanyika kila mwaka. Mtu akisimama na kusema "tunataka mtaro," ataandikiwa mtaro. Afadhali aulize: mtaro huu umepimwa kwa mvua ya miaka mingapi? Unamwaga wapi, na huko chini pana uwezo wa kupokea? Nani atausafisha, mara ngapi kwa mwaka, na fedha za kuusafisha ziko ukurasa upi wa bajeti? Ripoti ya vipimo iko wapi? Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila Mkenya haki ya kuiomba.

Na sisi wa Pwani tuyaulize maswali hayo hayo kwetu. Kisauni haina vilima vya Kisii, lakini mabati yake yanaongezeka vivyo hivyo, na mtaro wake hauongezeki. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Tukijenga bila kuujua mkondo, maji yatatuonyesha wenyewe yanapopita, na hayatabisha hodi.